Neno 'Mlowezi': Asili Yake na Matumizi Yake

Yapo maneno ambayo mtunga istilahi huyakuta yamekwisha kufanya kazi muda mrefu kabla yeye hajaitwa. Neno mlowezi ni mojawapo. Halikuundwa na kamati, wala halikukopwa ng'ambo. Lilikuwamo katika lugha kwa jambo la kawaida la maisha ya watu, kisha historia ikalichukua na kulitwika mzigo mwingine. Leo neno hilo moja hutajwa katika vitabu vya historia kwa Wazungu walioshika ardhi ya Laikipia na Njoro. Hutajwa redioni kila zinapotangazwa habari za Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani. Hutajwa pia katika shughuli za uhamiaji huko Kigoma na Kagera, na huko anayetajwa ni mkulima maskini ambaye wazee wake walivuka mpaka wakiwa na jembe na mkeka. Watu hawa hawafanani hata kidogo, na baadhi yao wana haki ya kuuliza kwa nini wanaitwa jina moja.

Tuanze na umbo la neno. Mlowezi hutokana na kitenzi lowea, nacho husomeka vema kuwa ni kauli ya kutendea ya lowa. Kila mtu anajua kulowa: nguo hulowa kwa mvua, mtu hulowa chapachapa, na mama huloweka maharage usiku ili yaive upesi asubuhi. Kauli ya kutendea huongeza mahali au kusudi. Kufa ni tukio, lakini kufia ugenini ni tukio lenye mahali pake. Kuhama ni kutoka, kuhamia ni kuelekea na kufika. Ndivyo ilivyo kulowea: ni kulowa mahali fulani, kukaa humo hata mahali penyewe pakuingie kama maji yaingiavyo katika punje ya haragwe. Punje iliyolowekwa haibaki ilivyokuwa. Huvimba, hulainika, na haiwezekani tena kuitenga na maji iliyokwisha kuyanywa. Mtu aliyelowea naye ni mgeni aliyekaa mahali mpaka mahali hapo pakawa mwilini mwake, akashika lugha ya watu, chakula chao na mazishi yao.

Ama ile z iliyomo katika mlowezi isimshangaze msomaji. Ni desturi ya vitenzi vya namna hii, ambavyo zamani vilikuwa na l kabla ya irabu ya mwisho, kurudisha sauti hiyo kwa sura ya z katika jina la mtendaji. Lea hutupa mlezi, pokea hutupa mpokezi, tetea hutupa mtetezi, na chochea hutupa mchochezi. Lowea na mlowezi wamo katika ukoo huohuo, na hii ni dalili kwamba neno hili si la juzi wala si la kutengenezwa mezani.

Lugha yetu ina maneno mengi ya karibu na hili, na si vizuri kuyachanganya. Mhamaji ni mtu ambaye kuhama ni desturi ya maisha yake, kama mfugaji afuataye malisho. Mhamiaji ni aliyetoka kwao akaja kwingine, na jina hilo humshika tangu siku anapowasili, hata kama begi lake halijafunguliwa. Mkimbizi ni aliyekimbia hatari, na neno hili lina ulinzi wa sheria nyuma yake. Mlowezi hahesabiwi kwa safari yake bali kwa kukaa kwake. Kwa maana hiyo hama, hamia na lowea ni hatua tatu za mwendo mmoja: kutoka, kufika, na kusalia. Siku hizi vijana wa bandarini wana neno lao pia, mzamiaji, kwa yule ajifichaye melini asafiri bila nauli. Nalo limechotwa majini, ila mzamiaji huzama ili asionekane, na mlowezi huonekana na kila mtu.

Pwani ilihitaji neno la namna hii kwa sababu pwani iliishi kwa kupokea wageni. Katika karne ya 19, Sultani Said alipokwisha kuhamishia makao yake Unguja, na mashamba ya karafuu yakaenea Unguja na Pemba, watu wa kutoka Omani waliongezeka sana. Wenyeji hawakuwaweka wote katika kapu moja. Aliyekuja karibuni aliitwa Mmanga, jina litokanalo na Manga, yaani nchi za Waarabu; aliyezaliwa hapa, akasema Kiswahili nyumbani kwake, hakuitwa hivyo. Yaani lugha ilikuwa na jina la mtu ambaye bado hajalowea. (Pilipili manga nayo imebaki na jina la ilikotoka, ijapokuwa imelowea katika vyungu vyetu siku nyingi.) Tusidhani kwamba kulowea huko kulikuwa kwa upole mtupu. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na wengi wao waliletwa kutoka bara kwa nguvu. Hao hawakuitwa walowezi, ingawa nao waligeni, wakakaa, wakazikwa hapo. Kitenzi lowea, basi, tangu mwanzo kilibeba dhana ya mtu mwenye hiari. Hilo tulikumbuke, kwa maana litatufaa mbele.

Ipo methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida hufundishwa kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ukiitazama vizuri ni kanuni ya kulowea. Mwenyeji ndiye anayetoa jembe, na ndiye anayeonyesha pa kulima. Mgeni akilipokea, ameingia katika kazi za mji, na kidogo kidogo ugeni wake unakwisha.

Mambo yaliyotokea bara mwanzoni mwa karne ya 20 yaliipindua kanuni hiyo. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetumia fedha nyingi, na ilitaka reli ipate mizigo. Kamishna Charles Eliot, aliyeshika madaraka hadi mwaka 1904, aliamua kwamba dawa ni kuwaleta Wazungu waje kulima. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliruhusu ardhi ikodishwe kwa miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 ikaifanya kuwa miaka 999. Lord Delamere alipewa eka 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Wamasai waliwekeana mkataba na serikali mwaka 1904, wakaondoka katika Bonde la Ufa na sehemu yao moja ikapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamasai wapo. Haukumaliza miaka kumi. Mwaka 1911 ulitungwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, na waliposhtaki, mahakama iliikataa kesi yao mwaka 1913. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, ukaja mpango wa kuwagawia mashamba askari wa Kiingereza waliotoka vitani. Askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa katika vita hiyohiyo hawakugawiwa. Wao walipata kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni ndani ya kibweta cha bati.

Hapa jembe lilibadili mkono. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akamwonyesha pa kulima, akamtoza siku za kazi kwa haki ya kukaa katika ardhi ambayo jana ilikuwa ya baba yake. Mwenyeji naye akapata jina jipya, skwota, neno la Kiingereza lililovishwa sauti za Kiswahili. Na yule mgeni akaitwa setla. Katika Kiswahili cha Kenya maneno haya mawili yalisikika sana, na setla bado husikika. Sioni haja ya kuyafukuza. Setla ni neno lenye tarehe na mahali: humtaja mtu wa zama fulani katika nchi fulani, mwenye farasi wake na nyapara wake. Lakini haliwezi kuzaa. Huwezi kupata kitenzi kutoka kwake, wala jina la dhana lisilochekesha. Mlowezi lina kitenzi lowea, lina ulowezi, na kwa hiyo waandishi wa historia waliotaka kueleza jambo zima, si mtu peke yake, walilikimbilia.

Tanganyika ilipata walowezi wachache zaidi, ingawa haikuwakosa. Wajerumani walifungua mashamba Usambara, Kilimanjaro na Meru, na Makaburu kutoka kusini mwa Afrika walipewa ardhi upande wa Meru tangu miaka ya 1904 na 1905. Baada ya nchi kuwa chini ya udhamini, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote mikononi mwa serikali, ikatoa haki ya kuitumia tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hivyo mwaka 1951 familia za Wameru ziliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili mahali hapo pagawiwe wafugaji wa Kizungu. Wameru walimtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi siku ile, ila tangu hapo habari ya walowezi ilikuwa habari ya nchi nzima.

Neno koloni nalo linastahili kutajwa, kwa kuwa mara nyingi huchukuliwa kama ndugu pacha wa ulowezi. Asili yake ni Kilatini: colonus alikuwa mkulima, na colonia ilikuwa makazi ya Warumi, mara nyingi askari wastaafu, waliopewa mashamba katika nchi zilizotekwa. Mji wa Köln huko Ujerumani umebeba jina hilo hadi leo. Kwa asili, basi, mkoloni ndiye mlimaji. Lakini neno lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kuacha jembe njiani. Kwa msemaji wa Kiswahili mkoloni ni mtawala: gavana ni mkoloni hata kama hana bustani ya mchicha, na mlowezi ni mwenye shamba hata kama hana cheo serikalini. Ugomvi wao ulikuwa wa kweli pia. Mwaka 1923 serikali ya London ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yatatangulizwa, na walowezi, waliokuwa wakitaka kujitawala wenyewe, waliliona tangazo hilo kama pigo. Kwa hiyo ninapendelea istilahi 'ukoloni wa walowezi' kwa hali ya Kenya, Algeria na Rhodesia, ili kuitofautisha na hali ya Uganda, ambako Mwingereza alitawala lakini pamba ililimwa na Waganda katika ardhi yao. Wengine huandika 'ukoloni wa kilowezi'. Si kosa, ila kivumishi hicho humficha mtu, na katika jambo hili mtu na shamba lake ndiyo kiini chenyewe.

Katika miaka ya 1960 na 1970 neno mlowezi lilipata ukali wake wa mwisho. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Magazeti na redio yalihitaji Kiswahili cha kueleza vita vya Msumbiji, Angola na Rhodesia, na ndicho kipindi ambacho msamiati wa siasa ulipanuka kwa kasi. Beberu, ambaye ni mbuzi dume, akawa mnyonyaji wa mataifa. Bepari, aliyekuwa mfanyabiashara tu, akawa adui wa wafanyakazi. Kabaila akashuka kutoka ukoo bora hadi unyang'anyi. Mlowezi alipandishwa katika jukwaa hilohilo. Ian Smith na wenzake walipojitangazia uhuru wa wachache tarehe 11 Novemba 1965, serikali yao iliitwa serikali ya walowezi, na hadi Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 msikilizaji wa Kiswahili alikuwa amelisikia neno hilo kwa miaka 15, na kila mara likiwa limeambatana na risasi. Si ajabu kwamba harufu ya baruti imelibakia. Idhaa za Kiswahili zilipolitumia kwa Waisraeli waliojenga katika maeneo yaliyotekwa mwaka 1967, zilikuta neno limekwisha kunolewa.

Niseme kwa ufupi kuhusu sayansi. Bakteria wanaoota pamoja katika sahani ya maabara huitwa koloni, wingi makoloni, na hapo hapana ubishi. Baadhi ya waandishi sasa wanasema juu ya binadamu 'kulowea' sayari ya Mirihi. Hapo nina shaka, kwa kuwa kulowea huhitaji mahali penye watu na desturi za kumwingia mgeni, na Mirihi haina mwenyeji wala chungu. 'Kuweka makazi' kunatosha.

Jambo zito zaidi liko karibu nasi. Katika mikoa ya magharibi ya Tanzania, shughuli za uhamiaji zimelitumia neno walowezi, au wahamiaji walowezi, kwa watu wa asili ya nchi jirani walioingia zamani, wakaoa, wakalima, na hawana hati za ukaazi wala za uraia. Hawa si wale wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambao zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa tajinisi. Wale walikuwa na jina katika sheria na namba katika daftari. Mlowezi wa kijijini hana. Alikuja kuchuma kahawa au kulima pamba, hakurudi.

Ukilipima kwa asili yake, neno limetumika kwa haki. Huyu ndiye mlowezi wa kwanza kabisa, yule wa punje na maji, tena aliyepewa jembe na mwenyeji. Huenda anastahili jina hili kuliko Lord Delamere. Lakini neno haliishi kwa asili yake tu. Huishi pia katika masikio. Mwanakijiji aliyesoma shuleni kwamba walowezi waliwanyang'anya Wameru ardhi, akisikia kwamba jirani yake ameandikishwa kuwa mlowezi, ataelewa nini? Atamtazama jirani, kisha atautazama mpaka wa shamba. Mahali ambapo ardhi imeanza kupungua, jina tu laweza kumfanya mtu ahamishwe.

Yupo atakayesema kwamba muktadha utatosha, na kwamba kila lugha ina maneno ya maana mbili. Ni kweli kwa mazungumzo. Katika daftari la serikali muktadha hukatwa. Hubaki neno moja katika safu nyembamba, nalo husomwa miaka 20 baadaye na karani ambaye hakuwapo. Kazi ya istilahi ni kulihudumia daftari hilo.

Maana hizi mbili zinatofautiana pia katika jambo ambalo sarufi yenyewe inalionyesha, nalo ni urithi. Kulowea ni tendo la mtu mwenyewe. Baba akilowea, amelowea yeye. Mtoto aliyezaliwa Kasulu hakutoka popote, hakufika, na hana ugeni wa kumwisha. Yeye amezaliwa majini. Kumwita mlowezi ni kukipotosha kitenzi. Katika maana ya kikoloni, kinyume chake, mtoto wa mlowezi aliitwa mlowezi, na mjukuu vilevile, kwa sababu walichorithi si ugeni bali hati ya ardhi na cheo kilichoambatana nayo. Ndiyo maana uhuru wa Kenya ulipofika mwaka 1963 haikuwa ajabu kumwita mlowezi mtu aliyezaliwa Nakuru na asiyewahi kuiona Uingereza. Na ndiyo maana pia waliochukua uraia wa Kenya katika miaka miwili iliyowekwa walianza, polepole, kutoitwa hivyo.

Kwa hiyo napendekeza jina mlowezi liachiwe maana iliyokwisha kulishika, ya mtu akaaye katika ardhi ya wengine kwa nguvu ya dola iliyomleta, na ya wazao wake maadamu wanaishika kwa nguvu hiyo. Kwa mkulima wa Kigoma na Kagera tukitumie kitenzi, ambacho hakikuchafuka: mhamiaji aliyelowea. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kitenzi hueleza alilolifanya mtu bila kumbandika jina la ukoo, na hakiwezi kuandikwa mbele ya jina la mtu asiyelitenda. Najua makarani watalalamika kwamba ni maneno mawili mahali palipotosha moja. Safu ipanuliwe. Na watoto wake, ikiwa lazima waandikwe katika daftari hilo, waandikwe 'mzaliwa', pamoja na jina la kijiji.